Theluji Ndani ya Kopo la Buluu

Majira ya baridi ya Ulaya ya kaskazini huikausha ngozi mara mbili. Nje, hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo sana wa maji. Ndani ya nyumba, majiko huipasha moto hewa hiyohiyo bila kuiongezea maji, nayo huyanyonya popote inapoyapata: kwenye mbao, kwenye midomo, kwenye migongo ya mikono. Ngozi hupauka, hukakamaa, kisha hupasuka. Watu wa Njombe na Limuru huonjeshwa kidogo adha hiyo kila Julai.

Kwa karne nyingi tiba ilikuwa mafuta, ya wanyama au ya mimea. Yalizuia maji yasitoke mwilini, lakini yalichacha na kunuka. Waliojaribu kuyachanganya na maji, ili ngozi ipate kinywaji na kifuniko kwa pamoja, walishindwa na jambo analolijua kila mpishi: maji na mafuta hayakai pamoja. Mchanganyiko ulijitenga ndani ya muda mfupi.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na watu watatu katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Oscar Troplowitz alikuwa mfamasia aliyenunua kampuni ndogo ya Beiersdorf mwaka 1890, akiwa na miaka 27. Paul Gerson Unna alikuwa daktari wa ngozi mwenye sifa kubwa, mshauri wake. Mkemia Isaac Lifschütz ndiye aliyetoa kutoka kwenye mafuta ya sufu ya kondoo kitu alichokiita Eucerit, yaani "nta nzuri" kwa Kigiriki. Eucerit iliyashika maji ndani ya mafuta, na hayakuachana tena. Unna aliifikiria kwa ajili ya dawa za wagonjwa. Troplowitz aliona mbali zaidi: mikono ya kila mtu.

Desemba 1911, katikati ya baridi, krimu ilianza kuuzwa. Ilikuwa na Eucerit, maji, gliserini na harufu ya maua. Kwa sababu ya weupe wake, Troplowitz aliipa jina la Nivea, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya theluji. Kinga dhidi ya majira ya baridi ikabeba jina la majira yenyewe.

Troplowitz hakuwajali wateja peke yao. Mwaka 1912 alipunguza kazi kiwandani hadi saa 48 kwa wiki, wakati wafanyakazi wengi wa Ujerumani walikuwa wakitumikishwa zaidi. Alifariki mwaka 1918, bila mtoto. Kopo la buluu tunalolijua hakuliona: la kwanza lilikuwa la manjano, na rangi ya buluu ilikuja mwaka 1925.

Troplowitz na Lifschütz walikuwa Wayahudi. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, washindani wa kampuni hiyo waliona fursa. Walitangaza kwamba anayenunua Nivea analitajirisha duka la Kiyahudi, na kwamba Mjerumani wa kweli ajipake krimu yao. Krimu ilikuwa ileile, na baridi ilikuwa ileile. Kilichochunguzwa sasa ni damu ya walioitengeneza. Wayahudi waliokuwa kwenye uongozi walijiuzulu. Mwenyekiti wao, Willy Jacobsohn, alihamia Amsterdam, akaendelea kwa miaka michache kusimamia matawi ya nje, kisha akalazimika kwenda mbali zaidi, Marekani. Kampuni ikasalimika. Kopo likabaki madukani, na waliolianzisha hawakutajwa.

Baada ya vita, nchi nyingi zilitaifisha jina la Nivea kama mali ya adui. Beiersdorf ilitumia miaka mingi kulinunua upya, nchi moja baada ya nyingine, hadi mwaka 1997 ilipolipata Poland.

Jina linaweza kununuliwa likarudi. Miaka iliyopotea ya Jacobsohn na wenzake haikuwa na muuzaji. Leo kopo hilo liko Hamburg na liko Kariakoo, na anayelifungua asubuhi ya baridi huchota kwa kidole kazi ya Lifschütz: maji na mafuta vilivyokubali kukaa pamoja. Jina lake halijaandikwa juu ya kifuniko.