Seibu Keisatsu

Seibu Keisatsu ni tamthilia ya polisi ya Japani iliyorushwa na TV Asahi kuanzia 1979 hadi 1984. Tetsuya Watari aliigiza kama Daimon, kiongozi wa kikosi, na Yujiro Ishihara kama mkuu wake, Kogure. Wanaoibeza husema hadithi zake ni kisingizio tu cha kulipua magari. Kweli, upelelezi wake ni mwepesi mno. Lakini kuipima kwa uhalisia ni kuionea: magari yale, mengi yakiwa ya Nissan, yaligongana na kupaa mbele ya kamera bila msaada wa kompyuta, na ubora wake umo katika ustadi huo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usalama; mwaka 2003, wakati wa kurekodi toleo jipya mjini Nagoya, gari liliwajeruhi watazamaji, na mfululizo ukafutwa.