Boyi, Masere na Mbilikimo: Watu Wadogo Katika Hadithi za Kwetu

Sisi tunaopenda hadithi za kutungwa tuna namna yetu ya kuzisoma. Tukifungua kitabu chochote juu ya Kongo, tunatafuta kwanza nani anabeba sinia, nani anafua, nani anafungua lango bwana akifika. Tukimpata tunauliza: huyu ana jina? Anasema? Anasema na nani? Wengine wanasoma ili wajue hadithi itaishaje. Sisi tunataka kujua kama boyi atarudi kwake jioni, na kule kwake kuna nini.

Kwa muda mrefu, boyi huyo hakuwa na kwake. Kila mtu aliyepita masomo ya Kifaransa anajua Tintin, ambaye Hergé alimtembeza katika Kongo kwenye gazeti moja la watoto la Brussels, tangu 1930 hadi 1931. Pembeni ya Tintin yuko Coco, kijana mtumishi wake. Mwaka wa 1946 mchoraji alirudia kitabu kwa rangi na kukisafisha kidogo. Lile somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji liliondolewa, pahali pake pakawekwa hesabu. Hatutaki kufungua tena ugomvi uliopelekwa mbele ya mahakama ya Brussels, ambayo mwaka wa 2012 ilikataa kukizuia kitabu. Tunalosema ni jambo dogo tu: walisahihisha hesabu, lakini Coco alibaki vilevile. Hana mama, hana mtaa, hana usiku. Tintin akilala, Coco naye anafanya nini? Hakuna aliyeuliza.

Mwaka wa 1948 Paul Lomami Tshibamba alitoa *Ngando*, hadithi iliyopata zawadi katika mashindano ya Foire coloniale ya Brussels. Mtoto Musolinga anakimbia masomo, anaenda mtoni na wenzake, mamba anamchukua. Kwa wengi ni hadithi ya uchawi wa mtoni. Sisi tunaipenda kwa sababu nyingine: mtoto huyo ana baba, na baba ni mfanyakazi wa Léopoldville, mwenye hofu ya mkubwa wa kazi asubuhi na hofu ya ndoki usiku. Njo usiku ule ambao Coco alinyimwa.

Huku kwetu Katanga, kazi kama hiyo ilifanyika kwa Kiswahili, na haikuanzia kwa wenye diploma. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika kwa mashine, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, kitabu kidogo kinachoitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Si hadithi ya kutungwa. Ni historia ya mji, tangu Leopold wa Pili hadi baada ya Uhuru, imesimuliwa na wale waliopika na kupiga pasi. Kiswahili chake ni kile cha jikoni na barabarani, kimewekwa kwenye karatasi jinsi kilivyotoka mdomoni. Mwalimu wa shule angekijaza wino mwekundu. Lakini mabwana waliopikiwa miaka na miaka, hapa wanatazamwa kutoka jikoni, na mtazamaji anajua mambo mengi! Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, alikichapisha kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka wa 1990. Bila hivyo, wengi wetu tusingekijua.

Kilichofanywa na teatre ni karibu na hicho. Kikundi cha Mufwankolo kiliingia nyumba za Lubumbashi kwa njia ya redio, baadaye televisheni. Nani alikuwa shujaa katika michezo yao? Bwana mwenye kujivuna ambaye pesa zimemwishia, bibi anayejua hesabu za nyumba kuliko yeye, ndugu kutoka kijijini anayefika bila kuitwa. Hakukuwa na maneno yaliyoandikwa mbele. Walikubaliana juu ya njia ya hadithi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe wakati wa mazoezi. Mwaka wa 1986 walicheza kwa ajili ya televisheni *Le pouvoir se mange entier*, juu ya sultani wa kijiji na watu wake. Siku hizo kusema juu ya madaraka ya mkubwa halikuwa jambo la mchezo, hata kama mkubwa mwenyewe ni wa kijiji tu. Fabian alirekodi mazoezi pia, kwa hiyo mchezo ule tunaweza kuusoma leo. Michezo mingi mingine iliisha siku ilipochezwa. Wanaikumbuka wazee wetu, nao wanapungua.

Lakini kitabu tunachokirudia kuliko vyote ni cha V.Y. Mudimbe, mwana wa Likasi, aliyezaliwa 1941 na kufariki Marekani mwaka wa 2025. Kinaitwa *Shaba deux*, kilitoka 1989. Wengi wanamjua Mudimbe kwa vitabu vyake vizito vya filozofia, na hiki wanakipita. Ni daftari la sista mmoja Mwafrika, Mama Marie-Gertrude, masere wa Kifransisko katika Kolwezi ya 1978.

Tukumbuke Kolwezi ile inavyosimuliwa kwingine. Tarehe 13 Mei waasi kutoka Angola waliingia mjini. Tarehe 19 basoda wa Ufaransa walianza kuruka na parashuti. Mwaka wa 1980 Raoul Coutard akatoa sinema *La Légion saute sur Kolwezi*, na jina lake linakuonyesha mara moja tunatazama na macho ya nani: tuko juu, katika ndege. Wazungu walioteswa na kuuawa walikuwa watu, na walililiwa kwa haki. Lakini wenyeji waliokuwa chini ya ndege ile, waliozika wafu wao katika viwanja vya nyumba, katika masimulizi mengi ni namba tu, au si kitu.

Mudimbe angeweza kumtwaa askari, au fundi wa Gécamines. Alimtwaa masere. Mweusi kati ya masista wa Ulaya, mtawa kati ya watu wake, hakuna upande unaomwona kuwa wao kabisa. Anaandika juu ya sala, juu ya chakula, juu ya uchovu, juu ya wakimbizi, na vita inaingia katika daftari kidogo kidogo. Wenzake wa Ulaya wanaondoka. Yeye anabaki na mzigo wa nyumba. Mwishoni anauawa. Kinachotupendeza ni kwamba Mudimbe hakumfanya mtakatifu wa kupakwa rangi. Ana mashaka, ana kiburi chake kidogo, wakati mwingine anachosha. Kwetu hiyo ni heshima kubwa kuliko sifa.

Kwa kipimo hicho, hatuwezi kusifu kila kitu. *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi, ilitoka 2014 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mji wake hauna jina, lakini msomaji wa huku anaijua ile gari-moshi na wale wachimbaji. Muziki wa maneno ni mtamu sana. Ila wasichana wa baa wanapita kama kundi, wanauliza saa ngapi, wanapita tena. Tumesoma hadi mwisho tukingoja mmoja wao aketi na kueleza alikotoka. Mwaka huohuo In Koli Jean Bofane alitoa *Congo Inc.*, ambamo kijana Isookanga, Mbilikimo wa Ekonda, hataki msitu wala huruma ya mtu. Anataka biashara ya dunia, na ni mjanja, tena mara nyingine mbaya. Katika nchi ambamo, kule Tanganyika, Batwa na Waluba walianza kuuana tangu 2013, Mbilikimo mwenye tamaa na makosa kama ya kila mtu ni habari kubwa kuliko Mbilikimo wa kuhurumiwa.

Linabaki jambo la lugha. Ukiacha Yav na Mufwankolo, watu hawa wote wanasema Kifaransa, na mama wa Katuba au Kamalondo hawezi kukisoma kitabu kinachomhusu. Tumeanza kufanya hivi katika mikutano yetu: mmoja anasoma ukurasa wa *Shaba deux*, mwingine anaueleza papo hapo kwa Kiswahili chetu, tunabishana juu ya neno. Siku moja mama mmoja mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: «Sasa huyu masere, ule usiku wote alikuwa anaandika, hakukuwa na mutu wa kuzungumuza naye?» Kijana aliyekuwa anatafsiri alirudi nyuma kurasa tano, akaanza kutafuta.