Sikio na Kipimo: Uamuzi wa Ubora wa Sauti katika Ukanda wa Ziwa Viktoria, Miaka ya 1950

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizuru Tanganyika akirekodi muziki wa jamii mbalimbali, wakiwamo Wasukuma wa Mwanza na Wahaya wa Bukoba. Ili kupima ulinganifu wa ala, Tracey alitumia vyuma 54 vya kulinganishia sauti, vilivyopishana kwa mitetemo 4 kwa sekunde, kuanzia 212 hadi 424. Kazi hiyo ilibidi ifanyike palepale ala ilipo, kwa kuwa mashine ya kurekodia haiwezi kujitolea ushahidi. Kasi yake ikipanda kwa asilimia 6 tu, muziki wote hupanda nusu toni. Na kwa kuwa sauti zote hupanda pamoja, msikilizaji wa baadaye hahisi kasoro yoyote. Wakusanyaji wa hifadhi ya sauti ya Berlin waliitambua hatari hiyo mapema, wakawa wanapuliza filimbi ya sauti maalumu mwanzoni mwa kila rekodi ya nta. Kuhusu mashine, basi, sikio peke yake ni shahidi dhaifu.

Kuhusu ala, hali ni tofauti. Ng'ambo ya ziwa, Klaus Wachsmann, msimamizi wa Makumbusho ya Uganda tangu 1948, alipima ennanga ya Waganda na kuchapisha matokeo katika jarida la Nature mwaka 1950: nyuzi zake zilikaribia kuigawa oktava katika hatua tano sawa. Kihesabu, kila hatua kama hiyo ni senti 240 (senti isiyo ya fedha, bali sehemu moja kati ya 1200 za oktava). Hatua za piano ni 100, 200, 300. Hakuna inayoangukia 240. Anayeipima ennanga kwa piano ataiita mbovu, na hukumu hiyo haitakuwa ya kisayansi hata kidogo. Mwenye ennanga hakuwa na tarakimu yoyote. Alikaza uzi, akaupiga, akaulegeza, hadi aliporidhika. Kipimo kilikuja baada ya sikio kumaliza kazi yake, na kilichopimwa ni uamuzi wa sikio hilo.

Usukumani uamuzi ulikuwa wa hadhara zaidi. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni lile linalovuta umati mkubwa zaidi. Ni kweli kwamba umati huo huvutwa pia na mbwembwe, na wachezaji wenyewe huitegemea dawa. Hata hivyo, ngoma isiyosikika vizuri huonekana mara moja, kwa duara linalopungua.