Kopo la mafuta linavyoweza kuokoa au kuua mashine ya karakana ya nyumbani

Na Mwandishi Wetu

MTU anayenunua mashine ya kukereza chuma au ya kutobolea kwa ajili ya karakana ndogo ya nyumbani aghalabu hutumia siku kadhaa kukagua mota, mikanda na gia zake. Kopo la kutilia mafuta hulinunua mwisho, tena lile la kwanza analokutana nalo dukani.

Uamuzi huo huonekana mdogo, lakini unaweza kumgharimu mashine yenyewe.

Sababu ni kwamba mashine nyingi za aina hiyo hazina pampu ya kusambaza mafuta kama ilivyo katika injini ya gari. Zinategemea mkono wa mwenye mashine, tone kwa tone, kabla ya kazi kuanza. Mafuta yasipofika kwenye bushi au kwenye reli za mashine, chuma husagana na chuma, na dalili huchelewa kujitokeza. Mashine huanza kutetemeka, kazi hutoka na mikwaruzo, na kile kilichotakiwa kuwa duara huwa na umbo la yai. Ikifikia hapo, bei ya matengenezo haiwezi kulinganishwa na ya kopo, hata lile lililo zuri kuliko yote dukani.

Kazi hii ya kutia mafuta kwa mkono ina historia ndefu. Katika karne ya 19 treni za mvuke zililazimika kusimama mara kwa mara ili zitiwe mafuta. Elijah McCoy, aliyezaliwa Kanada na wazazi waliokimbia utumwa nchini Marekani, aliifanya kazi hiyo katika reli ya Michigan, na mwaka 1872 alipata hataza ya chombo cha kutia mafuta injini ya mvuke ikiwa inaendelea na kazi. Reli zilisonga mbele. Karakana ya nyumbani, kwa kiasi kikubwa, ingali pale zilipokuwa treni kabla ya McCoy.

Kagua tundu kabla ya kopo

Kosa linalojirudia ni kuchagua kopo kwa kutazama umbo au ukubwa wake. Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni mahali ambapo mafuta huingilia kwenye mashine, kwa kuwa matundu hayafanani.

Tundu la wazi, lililotobolewa tu juu ya bushi, halina shida. Mdomo wowote mwembamba unatosha. Vikombe vidogo vyenye kifuniko na utambi ndani yake navyo havisumbui. Hujazwa taratibu, kisha utambi hufanya kazi ya kushusha mafuta kidogo kidogo.

Aina inayosumbua ni tundu lenye gololi ndogo ya chuma inayosukumwa juu na springi. Gololi hiyo huzuia vumbi na chenga za chuma zisiingie ndani. Ili mafuta yapite, ni lazima ncha ya kopo iisukume gololi chini na wakati huohuo izibe ukingo wa tundu.

Mdomo mpana hauifikii gololi ipasavyo. Mdomo mwembamba kama sindano huisukuma, lakini mafuta hurudi juu kandokando ya ncha. Mwenye mashine huona mafuta yametapakaa, huyapangusa kwa kitambaa na kuamini kuwa ametimiza wajibu wake, ilhali bushi iliyo chini imebaki kavu. Anaweza kurudia hivyo kila siku kwa mwaka mzima, na hakuna atakachokiona kitakachomwonya.

Kwa matundu ya namna hiyo kopo linalofaa ni la pampu, lenye ncha iliyochongwa mfano wa koni butu, inayokaa juu ya tundu bila kuacha mwanya. Mwenye mashine ya kukereza anaweza kuichonga ncha hiyo mwenyewe kwa kipande cha shaba na kuifunga kwenye kopo la kawaida. Ni kazi ya nusu saa, na pengine ndiyo inayofaa zaidi kufanywa mwanzo katika mashine mpya.

Nipeli ambazo si za grisi

Mfano mzuri wa utata huu ni mashine ya kukereza ya Kiingereza aina ya Myford ML7, iliyoanza kuuzwa mwaka 1946 na kupendwa sana na wenye karakana za nyumbani nchini Uingereza. Kiwanda chake cha Beeston, karibu na jiji la Nottingham, kilifungwa mwaka 2011, lakini mashine zake nyingi zingali zikifanya kazi.

Mashine hiyo ina vikombe vya kioo vinavyodondosha mafuta kwenye beringi za mhimili mkuu, na sehemu nyingine ina nipeli zinazofanana kabisa na zile za grisi za gari. Watu walionunua mashine hizo zikiwa zimetumika, bila kitabu cha maelekezo, walizijaza grisi. Grisi hukwama katika vijia vyembamba, hushika chenga, na baadaye mafuta hayapiti tena. Nipeli hizo zinahitaji pampu ndogo ya kusukuma mafuta kwa nguvu.

Ni vyema basi kutafuta kitabu cha mashine kabla ya kununua kopo. Vitabu vya mashine nyingi za zamani hupatikana leo kupitia intaneti, vikiwa na mchoro unaoonyesha kila tundu na mafuta yake.

Aina za makopo

Kopo la zamani zaidi ni lile la bati lenye kitako chembamba kinachobonyezwa kwa kidole gumba. Ni rahisi, halina vali ya kuharibika, na linafaa kwa matundu ya wazi na kwa kupaka reli. Halina nguvu ya kusukuma gololi, na ni lazima liinamishwe ndipo litoe mafuta.

Kopo la pampu lina mkono mdogo unaokamuliwa kwa vidole na pistoni inayovuta mafuta kupitia mrija unaofika chini ya kopo. Hili ndilo linalostahili kununuliwa iwapo fedha zinatosha kopo moja tu. Lipo lenye mdomo mgumu na lenye mdomo unaopinda. Mdomo unaopinda hufika nyuma ya gia na chini ya meza, ila hauwezi kukandamizwa juu ya gololi kwa sababu hukunjika. Ukubwa wa robo lita unatosha kabisa. Kopo la lita moja huchosha mkono, na hakuna karakana ya nyumbani inayohitaji mafuta mengi kiasi hicho kwa siku.

Chupa ndogo ya plastiki yenye ncha ya sindano hufaa mahali pa tone moja. Wapo pia wanaotumia bomba la sindano la hospitali, jambo ambalo si baya, kwani huonyesha kipimo kwa mililita. Kasoro yake ni mpira wa ndani, ambao mara nyingi huvimba ukikaa kwenye mafuta ya madini na kukwama. Lioshwe baada ya kazi, au litupwe.

Dukani, kabla ya kulipa, omba kulijaribu kopo kwa mafuta kidogo. Kamua mara tano kisha utazame ncha: kopo zuri hukata mafuta mara mkono unapoachiwa, baya huendelea kudondosha. Lilaze kwa dakika chache uone kama linavuja penye nyuzi za kifuniko. Liinamishe likiwa na mafuta robo, uone kama pampu inavuta hewa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kutoa jibu.

Ndani ya kopo kuna nini

Kopo bora lenye mafuta yasiyofaa haliokoi kitu. Mafuta ya mashine huandikwa herufi VG na namba. Namba hiyo huonyesha mnato wake katika nyuzi joto 40 za Selsiasi. Ikiwa kubwa, mafuta ni mazito. Mhimili unaozunguka kwa kasi mara nyingi huhitaji VG 32, na reli huhitaji mafuta mazito zaidi yanayonata, kwa kawaida VG 68. Kwa hiyo ni makopo mawili, kila moja na alama yake ya rangi, wala si moja linalojazwa hiki leo na kile kesho.

Oili ya injini ya gari ina viambato vinavyoshikilia uchafu uelee hadi unaswe na chujio. Mashine ndogo haina chujio, hivyo uchafu huzunguka nao. Itatumika kwa dharura, lakini isiwe mazoea. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari isitumike kabisa. Imebeba masizi, asidi na vumbi la chuma, na kuishika kwa mikono kwa miaka mingi kumehusishwa na saratani ya ngozi. Mafuta ya kupikia nayo huganda yakawa kama gundi.

Dawa ya kupuliza ya WD-40, iliyotengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, ilikusudiwa kufukuza maji kwenye chuma. Inafaa kulegeza nati iliyoshika kutu. Sehemu yake kubwa huyeyuka hewani, na kinachobaki ni chembamba mno kwa bushi inayobeba mzigo.

Nyumba nyingi zina cherehani, na kichupa chake cha mafuta meupe huazimwa karakanani. Mafuta hayo ni mepesi na hayana rangi ili yasichafue nguo. Kwenye reli za mashine ya kukereza hukaa muda mfupi tu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kopo la karakana likifika kwenye cherehani, madoa yatabaki kwenye kitambaa cha mteja.

Mashine izimwe kabla ya kutiwa mafuta, hata kama mdomo wa kopo ni mrefu. Ncha ikinaswa na gia inayozunguka, kopo huvutwa pamoja na mkono ulioshika. Yanayodondoka sakafuni yafutwe papo hapo.

Baada ya kazi, kopo lisimamishwe juu ya sahani ya bati na ncha yake ifunikwe, kwa kuwa vumbi la jiwe la kunolea hunata kwenye mafuta na kuingia nayo tunduni. Asubuhi inayofuata, matone mawili ya kwanza yakamuliwe kwenye kitambaa, ndipo ncha iwekwe kwenye mashine.