Filamu za theluji katika vibanda umiza vya Bukoba na Muleba

Filamu za mapigano za bei nafuu zinazotokea nyikani, kwenye theluji, hufanana sana. Mwindaji au askari mstaafu anafuatwa msituni na kundi lenye bunduki. Ndege imeanguka, redio imekufa, na baridi inaweza kummaliza kabla ya risasi. Ziliwafikia watu wa Bukoba na Muleba kupitia mikanda ya video, na kilichozipa uhai huko ni sauti ya msimulizi.

Theluji ni nafuu kwa mtayarishaji. Nyika haidai mitaa ya mji wala umati wa waigizaji. Kibanda cha magogo, miti na nyayo vinatosha kubeba dakika 90. Kampuni ya Cannon, chini ya Menahem Golan na Yoram Globus, ilijijengea jina katika miaka ya 1980 kwa filamu za mapigano za gharama ndogo, na Runaway Train ya 1985, ambamo treni isiyo na dereva inakata theluji ya Alaska, ni miongoni mwa kazi zake bora. Nu Image, iliyoanzishwa mwaka 1992, baadaye ilipigia filamu zake nyingi Bulgaria, ambako gharama zilikuwa chini.

Kusimulia filamu kulitangulia video kwa miongo kadhaa. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt kutoka Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo zenye maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika. Baadaye magari ya sinema ya serikali ya kikoloni yalizunguka vijijini yakiwa na mkalimani kwenye kipaza sauti, akiwaeleza watazamaji wanachokiona.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake hadi 1994. Kwa hiyo deki moja na runinga moja vya mfanyabiashara vilihudumia mtaa mzima, na ndivyo vibanda umiza vilivyozaliwa: mabenchi, kiingilio kidogo, joto na vumbi. Kaskazini Bukoba ina jirani wa karibu, Uganda. Hata umeme wake kwa miaka mingi ulitoka huko, kupitia Masaka hadi Kyaka. Kampala nako wasimulizi waitwao VJ walikuwa wakizungumza juu ya filamu kwa Kiganda. Dar es Salaam sifa kubwa ilikuwa ya Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye hata Titanic, filamu ya meli iliyogonga siwa barafu, aliisimulia kwa Kiswahili.

Kazi ya msimulizi inastahili kuheshimiwa kama sanaa, kwa sababu tafsiri ni sehemu ndogo tu. Msimulizi hupunguza sauti ya filamu, humtambulisha steringi, yaani shujaa wa filamu, mapema, humpa adui jina la utani, hufafanua hila kabla haijatimia na kujaza kimya kwa maneno yake mwenyewe. Filamu yenye mazungumzo haba, kama zilivyo nyingi za nyikani, humwachia nafasi pana kuliko nyingine yoyote.

Theluji yenyewe humwongezea kazi. Bukoba iko kando ya Ziwa Victoria, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,150, penye mvua nyingi na migomba ya kijani mwaka mzima. Theluji ya karibu iko Rwenzori, milima yenye kilele cha mita 5,109. Mtazamaji asiyewahi kuiona anahitaji kuelezwa kwa nini steringi hawashi moto ingawa anatetemeka (moshi utamwonyesha adui), kwa nini anarudi nyuma akikanyaga nyayo zake mwenyewe, na kwa nini aliyetumbukia chini ya barafu hawezi kuogelea hadi ukingoni. Hili la mwisho huwagusa upesi wavuvi wa Goziba, Bumbire na visiwa vingine vya Muleba, wanaojua maji yanavyoua.

Kisheria wasimulizi wamesimama pabaya. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 iliziweka filamu chini ya ukaguzi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ikalinda wenye kazi, na mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye filamu na muziki. Aliyesimulia filamu ya mtu bila idhini hana haki ya kuiuza, hata kama wateja wanainunua kwa ajili ya sauti yake.

Mkanda uliziachia nafasi CD na DVD, kisha flashi na kadi za simu. Vibanda vingi sasa huingiza watu zaidi kwa mpira wa Ulaya, na filamu zilizosimuliwa hutazamwa kwenye simu, mtu mmoja mmoja.