Mgeni na Jembe: Waingereza katika Vijiji vya Ufaransa

Maandishi mengi kuhusu Waingereza waliohamia vijiji vya Ufaransa huzunguka swali moja: je, wana marafiki Wafaransa? Wahamiaji wenyewe hujipima hivyo hivyo. Mwanasosholojia Michaela Benson, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwao katika mkoa wa Lot na kuchapisha kitabu chake mwaka 2011, alionyesha jinsi wanavyojitahidi kujitofautisha na Waingereza wengine, hasa wale wa mkoa jirani wa Dordogne, wanaodaiwa kujifungia peke yao. Kila mmoja anamjua Mwingereza aliyeshindwa kuzoeana na wenyeji, na daima huyo ni mtu mwingine.

Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho kina kasoro, na kwa sababu hiyo kimewafanya wengi wasione hasara kubwa iliyowapata watu hawa mwaka 2020.

Kwanza tukumbuke waliingiaje. Kwa zaidi ya karne moja, vijana wa vijiji vya Ufaransa walikuwa wakikimbilia mijini na kuacha nyumba za mawe ambazo hakuna mrithi aliyezitaka. Kuanzia miaka ya 1980, Mwingereza aliyeuza nyumba ya kawaida kusini mwa nchi yake aliweza kununua moja ya nyumba hizo pamoja na ghala na shamba lake, akabakiwa na akiba. Kitabu cha Peter Mayle kuhusu maisha ya Provence, kilichotoka mwaka 1989, kiliwatia wengi hamu. Baadaye ndege za bei nafuu za Bergerac na Limoges zikaifanya safari kuwa nyepesi. Kwa hesabu za INSEE, taasisi ya takwimu ya Ufaransa, mwaka 2016 Waingereza wakaazi walikaribia 150,000, na zaidi ya robo yao walikuwa Nouvelle-Aquitaine, eneo la kusini-magharibi. Wastaafu ni wengi miongoni mwao.

Mfano unaotajwa kila mara ni Eymet, mji mdogo wa Dordogne ulioanzishwa mwaka 1270, wenye wakazi wapatao 2,600. Una klabu ya kriketi, na siku ya soko Kiingereza husikika kila upande wa uwanja. Kwingineko mkoani humo Waanglikana husali katika makanisa waliyoazimwa na Wakatoliki. Kuna watu wanaobadilishana vitabu, wanaoimba kwaya, wanaopelekana hospitalini kwa zamu. Mambo haya ndiyo wakosoaji wanayoyaita kujitenga. Mimi siafikiani nao. Mtu wa miaka 78 aliyefiwa na mwenzi wake, anayeishi kilomita kumi na tano kutoka kwenye duka la dawa na asiyeweza tena kuendesha gari usiku, anahitaji mtu wa kumweleza maumivu yake kwa lugha aliyolelewa nayo. Watu wa pwani yetu waliohamia Muscat au London wanalijua jambo hili vizuri, na hakuna anayewalaumu kwa kukusanyika msibani. Kusaidiana na watu wa kwenu hakumzuii mtu kuwa jirani mwema kwa wengine.

Isitoshe, wanaodai urafiki wa sebuleni wanadai kitu ambacho kijiji hakiwapi kwa urahisi hata Wafaransa wageni. Maisha ya hadharani yana adabu zake, na mtu yeyote anaweza kujifunza: ukiingia kwenye duka la mikate unawasalimu wote waliomo kabla ya kutaja shida yako; saa sita mchana hadi saa nane humpigii mtu simu wala hugongi mlango wake. Lakini meza ya chakula cha mchana cha Jumapili ni ya ukoo. Mparisi aliyehamia kijijini kwa miaka ishirini huenda bado akaitwa Mparisi, na kwa wenyeji wengi, marafiki ni binamu na watu waliosoma nao shule ya msingi. Tukimhesabu Mwingereza kuwa ameshindwa kwa sababu hajakaribishwa kwenye meza hiyo, tunampima kwa mlango ambao hufungwa kwa karibu kila mtu.

Mlango ulio wazi ni mwingine, nao ni kazi. Sheria ya tarehe 1 Julai 1901 inawaruhusu watu wawili tu kuunda chama, na juu ya sheria hiyo umejengwa uhai wote wa kijiji cha Ufaransa: kamati ya sherehe, klabu ya wawindaji, wazee wa karata, wazazi wa shule, watunza kanisa kuukuu. Kamati hizo daima hukosa mikono. Kabla ya karamu ya kiangazi lazima mtu abebe viti, asimamishe hema na achome nyama. Karamu ikiisha lazima mtu aoshe masufuria hadi saa saba za usiku. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sijaona maelezo bora ya jinsi kijiji cha namna hii kinavyompokea mtu. Anayefika saa moja asubuhi kupanga meza, akiwa na Kifaransa cha kuokoteza, hukumbukwa kwa jina. Anayezungumza Kifaransa safi lakini huja kula tu, hubaki mteja. Ni katika kazi hizo watu wanapoanza kudaiana: mimi nilikusaidia kuni, wewe utanilishia kuku wangu wiki ijayo. Deni dogo la namna hii huwafunga watu kwa uthabiti zaidi kuliko mialiko ya divai, maana linampa jirani haki ya kukubishia hodi bila kuona haya.

Sitaki kudai kwamba jembe humtosha kila mgeni. Daktari Seyolo Zantoko kutoka Zaire alihamia Marly-Gomont, kijiji kidogo cha mkoa wa Aisne, katika miaka ya 1970. Filamu ya mwaka 2016 iliyotokana na maisha yake inaonyesha wagonjwa wakimkwepa ingawa kijiji kilikuwa hakina daktari. Mwanawe Kamini alikuwa tayari ameimba mwaka 2006 jinsi ilivyokuwa kukulia huko katika familia ya pekee ya watu weusi. Familia hiyo haikuwa na klabu ya kriketi ya kukimbilia, wala pensheni kutoka ng'ambo. Na ujuzi ambao wote waliuhitaji ulisubirishwa kwa sababu ya rangi ya ngozi. Mwingereza mstaafu hupewa jembe siku ya tatu. Wengine huachwa wakisubiri.

Kazi ya juu kabisa miongoni mwa kazi hizi za kijiji ni udiwani. Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 uliwapa raia wa Umoja wa Ulaya haki ya kupiga kura na kugombea katika serikali za mitaa popote wanapoishi ndani ya Umoja. Ufaransa iliweka mpaka: mgeni hawezi kuwa meya wala naibu meya, wala kushiriki kuwachagua maseneta, mambo yanayohesabiwa kuwa ya taifa. Hata hivyo, katika komuni, yaani eneo la serikali ya mtaa, yenye watu 100 hadi 499, baraza lilikuwa na viti 11 tu. Mtu mmoja kati ya 11 anasikika. Anahesabu gharama za paa la shule, anapigania basi la wanafunzi, anapigiwa simu mti unapoanguka barabarani. Mwanzoni mwa mwaka 2020 kulikuwa na madiwani Waingereza zaidi ya 700 nchini Ufaransa.

Uingereza ilijitoa kwenye Umoja tarehe 31 Januari mwaka huo. Duru ya kwanza ya uchaguzi wa mitaa ilifanyika tarehe 15 Machi, na hakuna hata mmoja wa madiwani hao aliyeruhusiwa kugombea tena wala kupiga kura, isipokuwa aliyekuwa amepata uraia wa Ufaransa au wa nchi nyingine ya Umoja. Magazeti ya Uingereza yaliandika mengi kuhusu wenye nyumba za likizo, ambao sasa hawawezi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180 bila viza. Hilo ni usumbufu, lakini wengi wao walikuwa wageni wa kiangazi tangu mwanzo. Waliopoteza zaidi ni wakaazi waliokuwa wamekwisha kushika jembe: haki yao ya ukaazi ilibaki salama, matibabu yao yakabaki, lakini wakaondolewa kwenye meza ya baraza, ambako mchango wao ulikuwa na uzito zaidi kuliko kwingine kokote. Anayewapima kwa idadi ya marafiki hawezi kuliona pengo hilo, kwa sababu marafiki hawakupungua.

Pengo hilo, hata hivyo, si geni kwa wengine. Mwaka 1981 François Mitterrand aliingia kwenye kampeni na ahadi ya kuwapa wageni waliokaa miaka mitano haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa mitaa. Haikutimizwa na yeye wala na waliomfuata. Mmali, Mualjeria au Mkongomani aliyelipa kodi katika komuni moja kwa miaka thelathini hajawahi kumchagua diwani wake. Mwingereza wa Dordogne sasa amesimama kwenye foleni hiyo hiyo, akiwa ameshakaa barazani na kuthibitisha, muhula baada ya muhula, kwamba mgeni anaweza kusimamia mambo ya kijiji bila taifa kudhurika. Ushahidi huo unawafaa wote walio kwenye foleni, na wanaotafiti maisha ya wahamiaji wangepaswa kuupeleka mbele ya wabunge wa Ufaransa badala ya kuendelea kuhesabu nani amealikwa chakula na nani.