Majuma ya Kungoja

Msomaji, huenda umesikia habari za viziwi wanaopasuliwa na kutiwa chombo cha kusikia ndani ya sikio, ukadhani kuwa mgonjwa huamka kitandani akiwa anasikia. Sivyo. Hurudi nyumbani na bandeji kichwani, pengine akiwa kiziwi zaidi kuliko alivyokuwa alipoondoka, kwa maana usikivu mdogo uliokuwa umembakia waweza kupotea kwa kupasuliwa kule. Hukaa hivyo majuma matatu au manne, kidonda kipone, ndipo chombo kiwashwe. Mwanafunzi wangu mmoja alipita katika majuma hayo. Nilipomzuru kwao nilimkuta barazani, ameegemea ukuta kwa kizunguzungu, akaniandikia katika daftari: "Mwalimu, na kisipowaka?" Swali lile ni la zamani kuliko yeye.

Mwaka 1800 Alessandro Volta, Mwitalia aliyebuni betri, alieleza jinsi alivyotia vyuma viwili masikioni mwake na kuviunga na betri hiyo. Alipata mshtuko kichwani, kisha akasikia mlio kama wa kitu kizito kinachotokota chunguni. Hakupenda kulirudia jaribio lile mara nyingi, nami simlaumu.

Ikapita zaidi ya miaka 150. Tarehe 25 Februari 1957, mjini Paris, André Djourno na tabibu Charles Eyriès walimtia waya penye mshipa wa kusikia mtu aliyeharibikiwa na masikio yote mawili kwa maradhi. Alisikia milio kama ya nyenje, na kwa mazoezi akatambua maneno machache. Walakini chombo kiliharibika. Akatiwa cha pili, nacho kikaharibika. Mtu yule akarudi katika kimya chake. Mwaka 1961, mjini Los Angeles, William House aliwapasua wagonjwa wengine, lakini vyombo vile vya kwanza vililazimika kutolewa baada ya muda mfupi, kwa kuwa mwili haukuvipokea. Kupasua kuliwezekana, kupona ndiko kulikoshinda.

Huko Australia, Graeme Clark alikuwa mwana wa mwuza dawa mgumu wa kusikia, ambaye wateja walilazimika kumpazia sauti dukani. Alitaka chombo kifunikwe chote chini ya ngozi, kipokee ishara kwa mawimbi ya redio, pasiwe na waya wa kupenya ngozi na kufungulia vijidudu mlango. Lakini koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani ipokeayo sauti, imejisokota kama nyumba ya konokono. Waya utapitaje humo bila kuidhuru? Mwaka 1977, akiwa ufukweni, Clark aliokota gamba la konokono wa bahari akaanza kulichomeka majani. Jani lililo gumu shinani na laini nchani liliingia vizuri, nyaya zake zikafuata mfano huo.

Tarehe 1 Agosti 1978, mjini Melbourne, alimpasua Rod Saunders, aliyepoteza usikivu kwa ajali ya gari. Yakafuata majuma ya kungoja. Chombo kilipojaribiwa mara ya kwanza, Saunders hakusikia kitu. Fikiri, msomaji, uzito wa siku ile kwa mgonjwa na kwa tabibu! Baadaye ikagunduliwa kuwa kasoro ilikuwa katika vifaa vya nje vya kupimia. Walipojaribu tena alisikia, na ulipopigwa wimbo wa taifa akainuka, akasimama wima.

Hadithi hii nilimwandikia mwanafunzi wangu katika daftari lile lile. Aliisoma mara mbili. Mama yake alikuwa akimkataza kuinua ndoo, kupenga kamasi kwa nguvu na kulowesha kidonda, naye alinung'unika kuwa chai ina ladha ya chuma. Hilo hutokea, kwa sababu mshipa mmoja wa ladha hupita karibu na mahali panapopasuliwa.

Kiliwashwa juma la nne. Sikio zima lina maelfu ya vinyweleo vya kupokea sauti, na chombo huwa na vituo 12 hadi 22 tu vya umeme, hivyo ubongo hauna budi kujifunza upya. Alisema sauti ya mama yake ilikuwa kama bati linalokwaruzwa. Ilipofika muhula uliofuata ndipo ilipokuwa ya mama.